Mkungu wa uani, wiki ya 41

Kila wiki naupiga picha kwa simu mkungu wetu, mti wa kungu, nione majani yake yanavyobadilika, na hatimaye picha hazirukiruki! Nimezipitisha nane za mwisho harakaharaka kwenye simu, shina halikutikisika hata kidogo. Kinachobadilika ni majani tu. Nikawaita nyumba nzima waje watazame. Mama akatazama, akasema, "Si mti ule ule, mwanangu?"

Zile 33 za mwanzo ni hasara tupu. Mkosaji ni ukuta wa matumbawe, nilipotaka simu ikae mahali pale pale kila wiki. Misumari mitatu iliingia kwenye matumbawe ikatoka na vipande vya chokaa. Wa nne ulishika, chumvi ikaula mpaka ukakatika. Stendi ya bomba la maji iliegemewa na punda wa jirani, ikaishia hapo. Basi nikawa nakadiria kwa jicho. Bure! Ukisogea unyayo mmoja, tawi la kushoto linaonekana limechipua, kumbe ni majani ya tawi la nyuma.

Na dawa naipita kila siku: tundu la boriti iliyooza zamani. Nimechonga kabari ya mkoko, nikaigongomea humo, nikaitia mfuo wa upana wa simu. Msumeno mpya wa bei rahisi uliisha meno siku ya pili. Kazi imemalizwa na patasi ya babu.

Sasa lile lililonianzisha. Ulaya majani hugeuka rangi siku zikifupika na baridi ikiingia. Hapa Lamu mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka hawapishani hata dakika 20, na baridi yenyewe iko wapi? Ila mkungu huu Februari, kaskazi ikiwa kavu, uliwaka mwekundu, ukapukutika, watoto wakabaki kuokota kungu chini ya matawi matupu. Hilo naelewa: maji yakiadimika mti huyatupa majani yanayoyapoteza, na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ikiondoka wekundu hujitokeza. Lakini Agosti ukarudia, tena upande mmoja tu, ule unaopigwa na kusi. Ukavu ungechagua upande? Mimi nashuku chumvi ya upepo, na ushahidi wangu wa Agosti ndio hizo picha zinazorukaruka. Inauma.

Wiki hii nilipanga kuweka kopo la kupimia mvua ya vuli. Kopo bado lina rangi ndani. Nimeshikwa na mwarobaini wa njia ya msikitini, uliopukutika na kuchipua tena wakati mimi nagombana na misumari. Ukuta unaoutazama nao una tundu la boriti. Mwenye nyumba amekubali, mradi nisichokoe jingine, na kabari ya pili nimeshaikata.