Mbwa wa jirani na sabuni ya mche

Jumanne jioni hapa Busia mbwa wa jirani aliniuma kwenye muundi. Hakubweka. Alikuja kimya, taya limelegea, mate yananing'inia kama utelezi wa bamia, akauma, akaendelea na safari yake.

Mama hakuniuliza kitu. Alinivuta hadi bombani, akasugua jeraha kwa sabuni ya mche dakika 15 kwa saa ya simu, huku ananifokea kana kwamba mimi ndiye niliyeuma. Kisha boda hadi zahanati. Sindano ya kwanza ya chanjo ya kichaa cha mbwa siku ile ile, ya pili siku ya 3, ya tatu kesho.

Daktari wa mifugo alipokuja kumwangalia mbwa alinifungua macho. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakisambai kwa damu, kinapanda mishipa ya fahamu hadi ubongoni, kisha kinashuka kwenye tezi za mate. Kinamtia mnyama wazimu wa kuuma wakati mate yake yamejaa kirusi. Ujanja gani huu!

Na kinabadilika. Kikijinakili kinakosea, na makosa yanayofaa yanabaki, kwa hiyo kila ukoo wa kirusi una mnyama wake: huku kwetu mbwa, Marekani rakuni na popo. Ng'ombe akiumwa anakufa tu, ni nadra kuambukiza wengine.

Mbwa alikufa Alhamisi. Hakuwahi kuchanjwa. Jirani bado anasisitiza amelogwa.