Krismasi ya Fairbanks

Watu wakisikia uko jeshi la Marekani wanadhani kila siku ni ndege na parachuti. Wacha niwaambie Krismasi yangu ya kwanza Fort Wainwright, pale Fairbanks, Alaska. Nilikaa kwa meza, basi.

Shida ilianza na likizo. Jeshini unajipatia siku 2.5 kwa mwezi, yaani 30 kwa mwaka, na mimi ndio nilikuwa nimefika kambini, siku zangu zote zimeishia njiani nikihamia huko, na hata ningekuwa nazo, nauli ya Disemba mpaka Nairobi si ya mshahara wa praiveti, askari wa cheo cha chini. Wenye watoto wakapewa ruhusa wakaenda zao, bweni likabaki kimya mpaka unasikia mashini ya soda ikinguruma mwisho wa korido. Nikapangiwa zamu ya masaa 24 pale mlangoni pamoja na sajenti mmoja, kutoka saa tatu asubuhi tarehe 24 mpaka saa tatu asubuhi ya Krismasi yenyewe. Unapokea simu, kila lisaa unazunguka korido kuangalia milango, unaparua theluji mlangoni, unarudi unaandika kwa daftari: hakuna tukio. Saa inayofuata, hakuna tukio.

Halafu lile giza, jamani. Mwezi wa 12 kule jua linatoka karibu saa tano asubuhi, linatambaa chini chini nyuma ya miti, na kabla ya saa tisa limeshazama. Mimi ni mtu wa Voi, jua ndilo lililonilea. Usiku ule baridi ilikuwa inakaribia minus 40, na hapo huna haja ya kuuliza ni Selsiasi ama Farenhaiti, vipimo vyote viwili vinakutana hapo hapo. Magari yanachomekwa kwa umeme usiku kucha kama simu, ukisahau waya oili inakuwa nzito na asubuhi injini haiwaki ng'o.

Sasa, majira ya baridi Alaska na Kenya zimepishana masaa 12 kamili, kwa hivyo saa ya ukutani ikisema sita, nyumbani pia ni sita, ila kwao ni mchana. Saa sita usiku ilipofika mama akapiga video. Nikasalimia wote, wajomba, mashangazi, watoto wengine hata siwajui wamezaliwa lini, halafu mama akaitwa kuepua pilau, akaegemeza simu kwa mkebe wa majani chai akaenda. Simu ikateleza ikalala chali. Nikabaki naangalia mabati ya jikoni, yale yenye masizi, na ile sehemu ya pembeni yenye tundu la msumari ambapo mwanga huingia kama uzi. Sikukata. Nilikaa hivyo karibu dakika arobaini nasikiliza sahani, nasikia mtu anaulizia chumvi, watoto wanafukuzwa kwa soda, yule mjomba anacheka kile kicheko chake. Sajenti alinitazama, akachukua tochi akaenda kuzunguka korido badala yangu bila kusema neno, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Nyanya ndiye aliyeiokota. Akasogeza uso mpaka nikaona kipaji tu. "Kumbe uko bado? Umekula, baba?"

"Nimekula nyanya, nimeshiba."

Nilikuwa nimekula tambi za kikombe saa moja jioni.

Saa tatu asubuhi nikakabidhi funguo na daftari, nikaenda kulala. Nilipoamka ilikuwa saa tisa na nusu, dirisha limeshaanza kuingia giza, kwa hiyo Krismasi yote imepita sijaona jua hata kidogo. Kule nyumbani nao walikuwa wamelala.

Mwezi wa 2 nilishaandika barua ya kuomba likizo ya Disemba iliyofuata. Nilimwambia nyanya nitashukia Nairobi nipande treni ya SGR mpaka Voi, asitume mtu kunipokea, njia ya kutoka steshini naijua.

Akasema atakuja mwenyewe.