Kuifufua laptopu ya saiba ya Mjomba: kumbukumbu ya mradi

Mashine yenyewe ni Lenovo ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012: prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 320. Imetumika miaka mingi kwenye saiba (duka la huduma za kompyuta na intaneti) ya Mjomba kule Kayole, Nairobi. Imechapa barua za maombi ya kazi, imejaza fomu za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya), imeskani vitambulisho, na kila mwezi wa Juni imesaidia watu kutuma ritani za KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) kabla ya tarehe 30. Kisha mteja mmoja akaimwagia kikombe cha chai ya maziwa juu ya kibodi. Ikazima papo hapo, na tangu hapo haikuwaka tena.

Mjomba alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Jibu alilopewa ni kwamba bodi imeungua, anunue nyingine. Nilipoipokea niliigeuza nikaangalia skrubu za chini: vumbi la zamani lilikuwa limejaa kwenye kila tundu, na hakuna palipoguswa na bisibisi. Maana yake hukumu ilitolewa bila mashine kufunguliwa. Hilo ndilo lililonisukuma niianze kazi hii na kuandika kila hatua. Mashine nyingi nzuri zinatupwa hapa Nairobi kwa neno la mtu ambaye hakuzipima.

Hesabu kabla ya bisibisi

"Mpwa wangu," Mjomba aliniambia, "mimi sitaki maneno mengi. Ninunue au nisinunue?"

Nilizunguka Luthuli na Moi Avenue nikiuliza bei kabla ya kumjibu. Laptopu mpya yenye prosesa ya i5 na RAM ya GB 8 ilikuwa zaidi ya shilingi 60,000. Zile mpya za bei ya chini zilikuwa na prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya eMMC (chipu iliyochomelewa vivyo hivyo). Huwezi kuongeza RAM wala kubadilisha hifadhi ikifa. Kwa kazi ya saiba, ya kutwa nzima, nisingemshauri Mjomba aichukue hata kwa nusu ya bei. Mitumba kutoka Uingereza, zile tunazoziita ex-UK, ndizo zilizokuwa na maana: T430 kama hii hii kwa 16,000, na T480, ndugu yake mpya zaidi, yenye prosesa ya kizazi cha nane kwa 33,000.

Watu wengi hulinganisha gharama ya kutengeneza na bei ya mashine mpya dukani, na kwa hesabu hiyo kutengeneza kutashinda karibu kila mara. Hesabu hiyo inadanganya. Mashine ya kulinganisha ni ile ambayo ungeinunua kweli, yaani ex-UK ya daraja lile lile. Na hiyo nayo ihesabie vizuri: ile ya 16,000 ingekuja na betri iliyochoka na diski ya kuzunguka, kwa hiyo ningelazimika kuiwekea vitu vile vile. Nikampa Mjomba kikomo cha 12,000. Bodi ikiwa imekufa tunaacha siku hiyo hiyo na tunaanza kuweka akiba ya T480. Akakubali.

Kuifungua na kuipima

Chaja kwanza. Yake ni ya volti 20, na mita ilisoma 20 na nukta kidogo, kwa hiyo haina hatia. Kisha nikatoa betri kubwa, nikafungua skrubu za kibodi zenye kialama cha kibodi upande wa chini, nikaisukuma kidogo na kuiinua. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilitoka mara moja.

Modeli hii ina mifereji ya kupitisha maji kutoka kwenye kibodi hadi matundu ya chini, na mingi ya chai ilipita huko. Iliyobaki ilikuwa imekauka kwa utando wa kahawia kuzunguka soketi ya waya wa kibodi, na pini za soketi hiyo zilikuwa na kutu ya kijani. Utando mwingine mwembamba ulikuwa umeshuka kuelekea sehemu ya umeme. Niliweka mita kwenye mlio (inalia umeme ukipata njia ya kupita) nikapima laini ya umeme inayotoka kwenye tundu la chaja. Hapakuwa na shoti kwenda ardhini. Fyuzi ya pale karibu ilikuwa nzima. Bodi iliyoungua kweli mara nyingi huacha dalili: alama nyeusi, kapasita iliyopasuka, chipu yenye tundu, harufu ya plastiki iliyoungua. Hapa sikuona hata moja.

Nikamtumia Mjomba ujumbe: usinunue kitu bado.

Kuosha bodi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mashine nyingi zilizomwagiwa chai au soda hupotezwa. Mtu hununua spiriti, anapangusa bodi, inawaka wiki moja kisha inakufa tena. Sababu ni sukari. Spiriti ya isopropili huondoa mafuta na hukausha maji vizuri sana, lakini sukari haiyeyuki ndani yake ila kidogo mno. Ukiipangusa unaisambaza tu, kisha inanyonya unyevu wa hewa, na ule unyevu ukipata umeme unaendelea kula shaba. Sukari inayeyushwa na maji. Ila maji ya bomba yana chumvi, nayo chumvi hupitisha umeme na kuacha mabaki.

Dawa yake inauzwa kwenye vituo vya petroli: maji ya betri ya gari. Chukua yale ya kuongezea, yaliyosafishwa chumvi, na usome chupa vizuri usije ukauziwa asidi ya betri. Nilitoa bodi nzima, nikaondoa RAM, feni na ile betri ndogo ya saa, CR2032, ambayo wengi huisahau na bodi inabaki na umeme ndani ya maji. Nikamimina maji ya betri taratibu juu ya sehemu iliyochafuka, nikasugua kwa mswaki laini, nikamimina tena. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai hafifu kabisa. Niliendelea mpaka yakawa meupe. Hapo ndipo zamu ya spiriti ilipofika, kazi yake sasa ikiwa kuyasukuma maji yatoke chini ya chipu na kukauka haraka.

Pini za soketi ya kibodi nilizisafisha moja moja kwa kijiti cha meno kilichochovywa kwenye spiriti, nikiwa nimeshika lenzi ya kukuza. Chini ya ule ukijani shaba ilikuwa bado iko. Pini mbili zilikuwa zimeliwa juu juu lakini hazijakatika, na mita ilipitisha mlio kutoka ncha hadi ncha.

Kisha kusubiri. Niliiacha bodi imesimama dirishani, mahali penye upepo, bila jua kali wala mashine ya kukaushia nywele. Mjomba alipiga simu kuuliza hali ya mgonjwa. Nilimwambia inakauka, asiniharakishe.

Kuwasha

Niliirudisha kwa vitu vichache iwezekanavyo: kipande kimoja cha RAM, feni, skrini, chaja. Sikuweka diski wala betri. Ukiwasha na kila kitu kikiwa ndani, halafu ikakataa, hujui umlaumu nani. Kibodi ya zamani nayo niliirudisha kwa kujaribu.

Taa ya kijani iliwaka. Feni ikazunguka. Halafu nembo kwenye skrini.

Kibodi yenyewe ilikuwa imekwisha: herufi ya N ilijibonyeza yenyewe mfululizo na safu nzima ya chini haikuitika. Hiyo haifai kuhangaika nayo, maana ndani ni karatasi za plastiki zilizogandana. Nikanunua nyingine kwa 2,200. Nilipokuwa bado nimeifungua nikapuliza vumbi kwenye feni, nikafuta krimu ya joto iliyokuwa imekauka kama chokaa juu ya prosesa, nikapaka mpya. Mngurumo ambao Mjomba alikuwa ameuzoea miaka yote ukaisha.

Diski

Sikutegemea tatizo hapa, ila lilikuwepo. Niliwasha mashine kwa flashi yenye Linux Mint (mfumo wa bure mbadala wa Windows), kisha nikaomba ripoti ya SMART, yaani afya ya diski inavyojipima yenyewe, kwa amri ya smartctl. Diski ilikuwa na sekta zinazosubiri kuhamishwa, yaani sehemu ambazo imeshindwa kuzisoma. Huenda ilikuwa inaumwa kabla hata ya chai, kwa sababu Mjomba alikuwa akilalamika kwamba mashine huganda.

Diski ya namna hii usianze kunakili faili kwa mkono. Kila jaribio la kusoma sehemu mbovu linaichosha zaidi. Nilitumia programu ya ddrescue, ambayo hunakili kwanza sehemu zinazosomeka bila taabu, huruka penye shida, na huandika kwenye faili ya ramani ilipofika. Baadaye hurudi kwenye zile sehemu mbovu kidogo kidogo. Ikikatizwa, hata stima ikipotea, inaendelea pale ilipoachia. Niliiacha usiku kucha. Faili za saiba zilitoka karibu zote: violezo vya barua, rekodi za madeni ya wateja, picha za pasipoti. Zilizopotea zilikuwa za Windows yenyewe, ambazo sikuzihitaji.

Badala yake nikaweka SSD (hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka) ya SATA ya GB 256 kwa 3,500, na kipande kingine cha RAM cha GB 4 kwa 1,000. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja kinachobadilisha laptopu ya umri huu, nitakujibu SSD bila kusita. RAM inafuata kwa mbali.

Kwa nini Linux

Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. T430 haina hata kimoja. Zipo njia za kuilazimisha, lakini hii ni mashine inayopokea vitambulisho na nywila za watu, na sitaki iishi kwa ujanja ambao sasisho moja linaweza kuuvunja.

Kwa hiyo nikasakinisha Linux Mint yenye Xfce, dawati la skrini ambalo ni jepesi. Kivinjari kinafungua eCitizen na iTax (tovuti ya kodi ya KRA) bila shida, na ritani za sifuri, za wasio na mapato ya kutangaza, zinatumwa huko huko kwenye tovuti. LibreOffice, mbadala wa Microsoft Office, inafungua barua zote za zamani. Printa ya HP ilitambulika ilipochomekwa tu. Kinachobaki pembeni ni fomu za Excel zenye makro (programu ndogo ndani ya faili), ambazo Mjomba atazifanyia kwenye kompyuta yake nyingine ya mezani. Nilimwambia hilo waziwazi kabla ya kuifuta Windows, na mtu yeyote anayemtengenezea mwingine mashine amwambie vivyo hivyo.

Betri na hesabu ya mwisho

Stima ya Kayole hukatika, kwa hiyo betri haikuwa anasa. T430 hukagua betri inayowekwa, na ya kuiga inaweza kukataa kuchaji hata kama inaingia vizuri. Nilikwenda dukani na laptopu yenyewe, nikachomeka betri, nikaona inachaji, kisha nikasoma kwa amri ya upower uwezo wake wa sasa na ule wa kiwandani. Ndipo nikatoa 3,600. Muuzaji hakupenda kusubiri, lakini alisubiri.

Ukijumlisha na maji ya betri, spiriti na krimu, 1,100 kwa pamoja, tumetumia 11,400. Katika hizo, SSD ya 3,500 itaweza kuhamia kwenye T480 siku Mjomba akiinunua. RAM haitahama, kwa sababu hii ni DDR3 na ile ni DDR4. Pesa ambazo zimefungwa kwenye mashine hii moja kwa moja ni 7,900. Kama skrini nayo ingekuwa imepasuka, au kama Mjomba angekuwa mhariri wa video, ningemwambia anunue ile ya 33,000 na hizi zingebaki mfukoni.

Kilichobaki mezani

Diski ya zamani ina nakala za vitambulisho vya wateja wa miaka mingi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu hata mwenye saiba ndogo. Kuifuta kwa programu hakutoshi, kwa sababu sekta zilizokwisha kuhamishwa hazifikiwi tena na amri ya kuandika. Nitaifungua na kuvunja sahani zake ndani ya mfuko mnene, nikiwa na miwani, maana sahani za diski ndogo nyingi ni za kioo. Betri ya zamani nimefunika ncha zake za umeme kwa utepe wa gundi na itakwenda WEEE Centre, kituo cha kuchakata taka za kielektroniki, pamoja na mabaki ya diski na kibodi.

Mjomba ameshaanza kuitumia. Jana aliniuliza kama naweza kuja kuangalia ile ya mezani pia, ambayo huzima yenyewe ikipata joto. Nimemwambia asimpelekee mtu kabla sijaifungua.