Maharage ya Iringa na mihadhara yetu ya Jumamosi

Kwa miaka mingi ya kufundisha fizikia mjini Iringa, nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wa kidato cha tano habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa na sukari, alioutia kwenye jokofu ukiwa bado moto, uliganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa baridi, na mwalimu wake akamwambia kwamba amekosea. Baadaye alipokuwa Sekondari ya Mkwawa, hapa hapa Iringa, mwanafizikia Denis Osborne kutoka Dar es Salaam alifika shuleni kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama na kuuliza swali lake huku wenzake wakimcheka. Osborne alilichukua swali, akalijaribu maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli. Mimi kilichonikaa kichwani ni ule mhadhara wenyewe, kwa sababu bila mgeni kuja kuzungumza na kukubali kuulizwa, swali lile lingeishia bwenini.

Ndipo nikaazimia kuandaa mihadhara ya sayansi isiyo na kiingilio, mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari na mwananchi yeyote atakayependa kuja. Nilidhani kazi kubwa ingekuwa kumpata msemaji, lakini nilikosea: rafiki yangu mhadhiri alikubali siku ile ile nilipomwomba, kwa nauli na chakula cha mchana tu. Alichagua kuzungumzia mashimo meusi, yale ya angani ambayo hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake, kwa Kiingereza, kwa picha za projekta. Ukumbi niliokuwa nimeahidiwa kwa barua ulipewa wengine siku moja kabla, tukahamia kwenye bwalo la shule. Umeme ukakatika dakika ya kumi. Katika viti 120 tulivyopanga walikaa watu 17, tisa kati yao wakiwa wanafunzi wangu, ambao nadhani walikuja kwa kuniogopa. Mlangoni nilikuwa nimeweka karatasi ya kusaini mahudhurio, na wazee wawili walipoiona waliuliza posho inatolewa saa ngapi. Walipojibiwa kwamba hakuna, waliondoka kwa heshima kabisa. Siwalaumu. Mjini kwetu karatasi ya mahudhurio ina maana yake, na tangu siku hiyo sijaiweka tena.

Nilikaa miezi mitatu bila kuandaa kitu. Kilichonirudisha ni mama mmoja anayeniuzia maharage sokoni, aliyeniambia kwamba dada yake akija kutoka Dar es Salaam hulalamika kuwa maharage ya huku hayaivi. Aliamini ni ubaya wa mkaa. Nilijua jibu, lakini niliona kwamba nikilimaliza pale pale kwenye gunia ningepoteza mhadhara mzima. Nikanunua daftari, nikamwachia, nikamwomba kila mteja mwenye swali la namna hiyo aliandike au aandikiwe. Daftari la pili nikaliacha kijiwe cha bodaboda. Tangazo la mhadhara uliofuata lilikuwa na mstari mmoja: “Kwa nini maharage ya Iringa yanachelewa kuiva?” Tulisema litajibiwa kwa Kiswahili, Jumamosi saa nane mchana, baada ya usafi na masomo ya ziada, muda ambao wakuu wa shule za bweni hawaoni taabu kuwaruhusu wanafunzi.

Bwalo likajaa. Bahati ya bwalo ni kwamba jiko liko jirani, kwa hiyo tulileta jiko la mkaa mbele, tukabandika sufuria la maji, na yalipotokota msichana wa kidato cha tatu akaitwa asome kipimajoto. Akasoma nyuzi 95. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba kipimajoto ni kibovu, kwa kuwa kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Msemaji, ambaye safari hii nilimsihi asije na picha hata moja, hakumjibu. Aliomba barafu iliyopondwa, akakitumbukiza kipimajoto humo, na yule msichana akasoma sifuri. Ukumbi ulinyamaza. Kisha akavuta maji ya moto, yasiyochemka, kwenye bomba la sindano, akaziba ncha kwa kidole na kuvuta mpini kwa nguvu, na maji yakatoa mapovu kama yako jikoni. Akaeleza kwamba Iringa iko kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,500, hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ya pwani, kanieneo yake, yaani nguvu inayokandamiza kila eneo, ni ndogo, na kwa hiyo maji huwahi kuchemka kabla hayajafikia joto la kuivisha maharage upesi. Mkaa hauna kosa.

Muuza maharage wangu akauliza kama jiwe juu ya mfuniko lingesaidia. Swali hilo ndilo lililoufanya mchana ule, maana kijana aliyekilaumu kipimajoto alikwenda ubaoni kulipigia hesabu. Jiwe la kilo 2 juu ya mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 20 linaongeza kanieneo ya paskali 640 hivi, ilhali tofauti kati yetu na Dar es Salaam ni kama 17,000. Akahitimisha kwamba ili kuifikia Dar es Salaam utahitaji uzito wa mfuko mzima wa saruji, tena mfuniko usiovuja. Mama akajibu, “Basi mwanangu, sufuria litaniua kabla ya njaa.” Tuliendelea kwa nusu saa nyingine juu ya kuloweka, magadi na sufuria za presha.

Tangu hapo kanuni zetu ni chache. Msemaji ana dakika 40, na maswali hayana mwisho hadi giza liingie. Maswali matano ya kwanza ni ya wanafunzi, kwa sababu wazee wetu wakishika kipaza sauti huwa wanahutubia. Gharama ni nauli ya msemaji na chai, ambazo walimu wanne tunachangiana.

Jumamosi moja ya katikati ya Oktoba tulitoka nje kuangalia fimbo iliyosimikwa wima uwanjani ikipoteza kivuli chake, kwa kuwa siku hizo jua la adhuhuri hupita utosini mwa Iringa. Kivuli kilitoweka saa sita na dakika ishirini na ushei. Kijana wa bodaboda akatazama simu yake, akauliza kwa nini jua limechelewa kufika katikati wakati saa ya serikali inasema sita imeshapita. Nilimwomba aliandike kwenye daftari, naye akaliandika, pamoja na swali la pili ambalo hakuwa amelisema: hiyo saa ya serikali imepimwa wapi?