Bili ya hosi haingoji kesi ya WIBA iishe

Hii maneno ya ajali kazini imenikalia rohoni toka binamu yangu asagwe vidole na mashine kiwandani. Kampuni inasema huyo ni kibarua tu hatumjui, bima inasema hatulipi mpaka kampuni ikubali, hosi nayo inataka pesa yake leo, kila mtu anamsukumia mwenzake na familia ndio inachangisha kwa grupu la WhatsApp. Inauma sana.

Sasa sikieni, sheria ya Kenya ya fidia kwa walioumia kazini, WIBA ya 2007, kifungu cha 47 inasema mwajiri ndiye anagharamia matibabu ya aliyeumia kazini, daktari, upasuaji, dawa, nauli ya kwenda hosi, hadi mkono wa bandia. Hiyo ni kando na fidia yenyewe. Na kama hukupewa barua ya kazi usitishike, mkataba wa mdomo pia ni mkataba, meseji za M-Pesa za malipo ya kila wiki ni ushahidi, zitunze.

Kilichotusumbua zaidi ni kadi ya hospitali. Daktari aliandika jeraha, vidole vya mkono wa kushoto, basi. Mashine haijatajwa, kazini haijatajwa, na kampuni ikashikilia hapo hapo, eti labda aliumia nyumbani. Kwa hivyo ukimpeleka mtu hosi kutoka kazini mwambie daktari aandike ameumia wapi, saa ngapi, na kitu gani, na usome hiyo kadi kabla hujatoka.

Kampuni inafaa kuripoti ajali kwa DOSH, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, ndani ya siku 7. Wakikataa nenda mwenyewe ofisi ya DOSH iliyo karibu, madai yaingie kabla ya miezi 12. Risiti za dawa na za nauli peleka kopi, orijino kaa nazo. Uamuzi usipokuridhisha una siku 60 za kupinga kwa mkurugenzi wa DOSH, halafu ndio korti ya leba. Wakili akikwambia mkimbilie korti kwanza mkatalie, Mahakama ya Juu ilishaipitisha hii njia Desemba 2019.

Na meneja akija na pesa kidogo na karatasi, eti weka sahihi tumalizane, usiweke. Binamu yangu bado ana vyuma kwa vidole, siku ya kuvitoa hiyo opareshoni italipwa na nani?