Ukuta usio na lango

Juzi saa tatu asubuhi niko kwenye daladala, fundi kanipigia. "Bosi, msingi wa fensi umefika kwenye ile njia ya watu, tunapitisha au tunaacha?" Nikamwambia subiri kwanza. Akasema bosi siku inahesabika hii. Nikamwambia najua, we subiri. Afu kuanzia hapo mpaka nashuka kituoni sikuwaza fundi wala saruji, nilikuwa nawaza Mediolanum, mji wa kwenye game.

Mliopita stationery ya bamdogo kule Morogoro mnajua naongelea nini. Ni 2004, nimemaliza form four nasubiri matokeo, mchana natoa photocopy na kuwachapia watu barua za kuomba kazi, jioni tukishashusha mlango ile Pentium III inakuwa yangu. CD ya kuchoma, juu imeandikwa kwa makapeni CAESAR 3. Game ya mwaka 1998, unapewa pori, hela kidogo na barabara moja imekatiza ramani kutoka pembe hii mpaka ile, unaambiwa haya gavana, jenga mji.

Ambaye hajaicheza atadhani kazi ni kujenga. Kujenga mtoto anajenga. Kazi ni kuwafanya watu wapite unapotaka wewe. Kiranja (kwenye game ni prefekti, anazima moto na kupambana na wahalifu, ila sisi tumesoma boarding, prefekti ni kiranja tu), injinia, mama wa sokoni, wote hao nyumba inawafaidi pale tu wanapopita mbele yake, na wakifika njia panda wanajichagulia kokote kama mlevi katoka kilabuni. Mama wa sokoni akikata kushoto akapotelea kwenye mashamba basi mtaa wa kulia haupati ngano, nyumba zinashuka daraja, waliokuwa na kuta wanarudi kwenye mahema, we unashangaa mbona ghala limejaa na watu wanalia njaa. Dawa yake ni mtaa wa duara usio na njia panda, na ikibidi kuwe na njia panda unaweka lango la mji hapo hapo katikati ya mtaa, maana wale wazururaji hawavuki lango.

Hiyo ya lango aligundua bamdogo, ambaye mouse hata siku moja hakuishika. Yeye alikaa nyuma yangu na chai yake anapiga hesabu. Kodi asilimia ngapi? Roma wanalipa mshahara ngapi na sisi tunalipa ngapi? Usiwalipe chini ya Roma, wataanza wizi. Hayo ananiambia mimi, ambaye ananilipa nauli na chapati.

Sasa ikafika pale unapochagua mkoa, Miletus kwenye amani au Mediolanum kwenye vita, ndo hiyo Milan ya leo. Nina miaka 17, nichague amani ya nini. Mara ya kwanza maadui wakaja wakafuata barabara kubwa mpaka sokoni, wakachoma, nikapoteza mji ndani ya robo saa. Nikaanza upya na nikaapa safari hii haingii hata sisimizi.

Wiki mbili nzima nilikuwa najenga ukuta. Wa vigae viwili unene (kigae ni kimraba kimoja cha ramani), kwa sababu ukiwa wa kigae kimoja walinzi wa mnarani hawawezi kutembea juu yake. Minara kila baada ya hatua kadhaa, kila mmoja na mtambo wake wa kurusha mikuki. Nje ngome mbili za warusha mikuki, hao hawadai silaha, na ngome moja ya legioni, askari 16, ambao hawatoki kambini mpaka karakana ilete silaha na karakana haileti mpaka ipate chuma, ndo maana wengi wakishtuka adui huyo wamechelewa tayari, legioni haiundwi siku ya vita.

Bado pale barabara inapopita. Nikafikiria wale jamaa walivyoifuata kama wametumwa, nikafuta vigae viwili vya barabara, nikaunganisha ukuta. Ukaungana. Wallahi ulikuwa mzuri, nikamwita bamdogo aje aone.

Amesimama na kikombe, ujumbe ukatokea: njia ya kwenda Roma imezibwa. Nikaufunga. Nikaangalia ukuta, kuna tundu. Hakuna adui, hakuna moto, kipande kimetoweka tu. Nikaziba. Nikageuka kusema kitu, ujumbe ule ule, tundu lile lile. Nikaziba tena. Fani ya kompyuta inavuma, ya darini imekufa siku nyingi, jasho linanidondokea kwenye kibodi, naziba, linafumuka, naziba, linafumuka, kila kipande kinakula hela na hela zinaelekea kuisha. Nikaanza kuitukana CD, nikasema hii imechomwa vibaya. Bamdogo kanyamaza muda wote, anakunywa. Mara akanyoosha kidole pembeni ya ramani, kucha ina wino wa toner, akagusa kioo pale kajitu kalipokuwa kanatembea kanavuta mkokoteni wake, wale wahamiaji wanaokuja kutafuta nyumba.

"Na huyu atapita wapi?"

Nikamwambia bamdogo huyu tuachane naye, maadui wanakuja. Akasema sawa, wanakuja, lakini huyu naye anakuja, na njia si yenu, mmeikuta.

Nisichomwambia, na sijui kama alikiona, ni kwamba malango tulikuwa nayo matatu mjini. Yote ndani, ya kumzuia mama wa sokoni asizurure. Kwenye ukuta hata moja.

Vita yenyewe sina cha kusimulia. Walikuja, wakapita kwenye tundu, legioni nikaipanga hapo hapo ikawa ndo mlango, viranja wakakimbilia huko nao, na kwa kuwa wako vitani moto ukawaka upande wa pili hakuna wa kuuzima. Ghala moja likaungua. Tukashinda, nadhani. Saa saba usiku bamdogo akazima taa.

Hiki kiwanja ninachozungushia fensi ndo alichoniachia yeye. Njia ilikuwepo tangu anakinunua, watoto wa shule asubuhi, kina mama na ndoo, jioni bodaboda wakikwepa lami. Yeye hakuwahi kuiziba, wala hakuwahi kusema iachwe. Mwaka huu wameniibia mara mbili, tenki na mabati, na wote tunajua walipitia wapi. Mke wangu anasema ziba. Mwenyekiti wa mtaa anasema ongea na watu. Fundi anasema amua bosi. Lango? Nani atalifungua saa kumi na moja alfajiri watoto wakienda shule, na likishafunguliwa si ni njia tena?

Jana jioni fundi kapanga tofali zake kukatiza pale, mstari mmoja, bila saruji, alama tu ya kesho. Leo nimeamka nikatoka na mswaki mdomoni kwenda kuangalia. Tofali nne zimesogezwa pembeni, zimepangwa vizuri kabisa juu kwa juu, na katikati pana upana wa mtu na ndoo.