Foleni ya Ndoo Michenzani

Jenereta lilifika Alhamisi baada ya sala ya alasiri, juu ya lori, limefungwa kwa kamba za katani, na watoto wa majumba ya Michenzani wakalikimbilia mpaka kiwanjani. Ilikuwa mwisho wa Januari 2010. Unguja nzima haikuwa na umeme tangu Desemba, pale waya mkuu unaopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulipoharibika upande wa Fumba, na umeme haukurudi mpaka Machi. Fumba ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu. Wazee wetu wa taarabu walilikumbusha jambo hilo kila tulipokaa nao barazani, kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza habari za jamaa yao.

Nilikuwa na umri wa miaka 24. Kamati yetu ya tamasha la muziki ilikuwa ya watu saba na kila mtu alikuwa na lake: huyu vibali, yule wasanii, mwengine chakula cha wapigaji. Mimi nilipewa umeme na ratiba ya jukwaa. Kazi ya jukwaa nilijifunzia Ngome Kongwe, kwenye tamasha la Sauti za Busara, ambako nilijitolea Februari tatu mfululizo nikibeba stendi za maikrofoni na kuviringisha kebo. Huko ndiko nilikojua kwamba kundi litakalopiga mwisho ndilo hupima sauti kwanza, na litakalofungua hupima mwisho, ili vyombo vyake vibaki palepale jukwaani watu wanapoanza kuingia. Jambo dogo hilo, lakini likivurugika usiku mzima huvurugika.

Tamasha letu lilikuwa la usiku mmoja tu, makundi manane, kiingilio shilingi 1,000, wanawake na watoto bure. Tulilitaka liwe Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe kama Michenzani. Kidumbak, taarabu ya harusini yenye vyombo vichache, kimelelewa Ng'ambo, katika harusi za uani na chini ya miembe, lakini jukwaa kubwa likijengwa hujengwa Mji Mkongwe, karibu na bahari na mahoteli, na bibi wa Ng'ambo husikia habari zake kesho yake. Kampuni moja ilikuwa tayari kutupa fedha kwa sharti kwamba taarabu na kidumbak viondoke, tubaki na bongo fleva peke yake. Tulipiga kura, sita kwa mmoja, tukakataa. Sijaijutia kura yangu hata siku moja. Maana yake, hata hivyo, ilikuwa kwamba kila lita ya dizeli itatoka mifukoni mwetu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya lita 80: kuanzia saa nane mchana tunapopima sauti mpaka saa sita usiku. Hesabu ile niliilalia na kuiamkia.

Basi jenereta liliposhushwa, na mimi nikiwa nalizunguka kukagua kama halivuji, nikamwona bibi mmoja amesimama kando ya goli. Mkononi alikuwa na ndoo tupu ya buluu, imefungwa kamba nyekundu mahali mpini ulipokatika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo litavuta maji?"

"Hapana, Bibi. La muziki, la Jumamosi."

Akalitazama jenereta, akanitazama na mimi. "Haya," akasema. "Mungu awafanyieni wepesi." Akaenda zake.

Asiyekuwapo Unguja miezi ile huenda akadhani giza ndilo lililotutesa. Giza tulilizoea, tulikuwa na mishumaa na karabai, na mwaka 2008 tulikwishakaa karibu mwezi mzima vilevile. Kilichotuchosha ni maji, kwa sababu maji ya mji yanasukumwa na pampu, na pampu zilikuwa zimelala. Majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyopangwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, hayana huruma kwa mtu mwenye ndoo. Sisi tulikaa ghorofa ya tano, mimi na mama. Alfajiri ya Alhamisi hiyohiyo nilikuwa nimepandisha ndoo tatu kwa ngazi, na kiganja changu kilikuwa kimechubuka. Na bado halikunipitia kichwani hata mara moja kwamba jenereta lile linaweza kuvuta maji. Mpaka Bibi aliponiuliza.

Usiku ule sikulala vizuri.

Ijumaa baada ya sala, sheha, kiongozi wa mtaa, alituita barazani kwake. Alikuwapo yeye, imamu, na kina mama wanne. Imamu ndiye aliyesema. Msikiti una kisima kirefu chenye pampu ya umeme ya nyaya tatu, haikuguswa tangu Desemba. Mmeleta mashine kubwa. Tunaomba siku moja tu, watu wajaze vyombo.

Fundi wetu wa mitambo alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye nywele za mvi, na spika zake alizinunua moja moja kwa miaka mingi. Akajibu kwa adabu kuu. "Maalim, pampu na mitambo ya muziki haviwezi kula sahani moja. Pampu inapoanza kuzunguka hunyonya umeme mara tano, sita, ya ule inaotumia ikishatulia. Umeme wote hushuka kwa ghafla, kisha hupanda. Mikseli yangu ya kuchanganyia sauti itaungua, na sina nyengine."

"Basi visile pamoja," akasema mama mmoja. "Pampu ile asubuhi, nyinyi mle usiku."

Nilikuwa na daftari langu mapajani. Saa nane za pampu ni karibu lita 40 za ziada, na lita 40 sikuwa nazo. Nikasema hivyo. Nilisema kwa ukali kidogo, nakumbuka, kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba tamasha letu tulilolihangaikia miezi mitano litazimika saa nne usiku mbele ya watu. Hakuna aliyenijibu kwa ukali. Sheha aliuliza tu: "Katika hayo matumizi yenu, kinachokula zaidi ni kipi?"

"Taa," akajibu Fundi kabla yangu. "Taa zinakula kuliko sauti."

Alisema kweli. Tulikuwa tumekodi taa 24 za jukwaa, kila moja wati 1,000, na balbu zenyewe za joto. Tulikuwa tumelipa kianzio tu. Nikazihesabu upya palepale, nikaona tukibaki na taa nne, mafuta yatapungua na pesa ya kukodi zile nyengine itanunua lita 30. Zilizobaki walichanga wakaazi jioni ile. Zilikuja katika madumu manne, moja bado linanuka mafuta ya nazi, na Fundi akayachuja yote kwa kitambaa mara mbili. Mwenzetu aliyeshughulika na wasanii alilia nilipomwambia habari ya taa. Alikuwa ameahidi kikundi cha ngoma kutoka shamba kwamba kwa mara ya kwanza watacheza juu ya jukwaa lenye rangi zote.

Jumamosi saa moja asubuhi tulivuta kebo kama mita 70 kutoka kiwanjani mpaka kisimani. Jenereta likanguruma, pampu ikaitika, na maji hayakutoka. Tulisikiliza dakika mbili nzima, foleni yote kimya. Fundi akazima, akafungua kisanduku, akabadilisha waya mbili kati ya zile tatu, akafunga. "Ilikuwa inazunguka kinyume," akasema. Akawasha. Mpira ukaruka kama nyoka, ukatapika maji ya kutu, kisha maji meupe.

Sijawahi kusikia makofi kama yale katika tamasha lolote nililofanyia kazi.

Walikuja na ndoo, madumu, sufuria za harusi, mabeseni ya kufulia, hata karai la zege. Walikuja watu wa Kikwajuni na Miembeni, habari ilivyokwenda mbio. Mama yangu alikuwa kwenye foleni pamoja na wenzake wa ghorofa yetu, akanipungia mkono kama mgeni rasmi. Bibi mwenye ndoo ya buluu alijaza mara mbili, na vijana wetu waliotakiwa kufunga maturubai wakambebea.

Tulikubaliana kuzima saa tisa. Saa tisa foleni ilikuwa bado imezunguka msikiti. Fundi alinijia, nikamwambia dakika kumi. Akanijia tena. Mara ya tatu hakusema kitu, alisimama tu na kuonesha saa yake. Tulizima saa kumi kasorobo, wapo waliobaki na vyombo vitupu, na mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia.

Hivyo katika makundi manane, matatu tu yalipima sauti, na kwa desturi ile niliyojifunza yalikuwa yale ya mwisho. Kundi la taarabu, lenye kupiga la kwanza, liliingia jukwaani bila kupima chochote: fidla nne, kanuni (ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), udi, akodiani, ngoma ya dumbak, rika, besi, na waimbaji juu yake. Taarabu ya namna hiyo ndiyo inayohitaji kupimwa kuliko zote, kwa sababu kanuni ina sauti laini na maikrofoni yake ikipandishwa kidogo tu, spika hupiga yowe.

Tulikuwa pia na jambo la adhana. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kimekufa kwa kukosa umeme, muadhini akiadhini kwa mdomo tu mlangoni, na mngurumo wa jenereta letu ulikuwa unammeza. Tukamweka kijana mlangoni mwa msikiti na tochi. Magharibi akaiwasha, tukanyamaza. Isha akaiwasha tena, tukangoja mpaka watu watoke msikitini. Nadhani ndiyo sehemu ya ratiba iliyokwenda sawasawa kuliko zote, na kijana yule alikuwa na miaka 12.

Saa mbili na nusu taarabu ikaanza. Kiwanja kilikuwa kimejaa mpaka juu ya kuta, na kwenye madirisha ya majumba watu walikaa na mishumaa yao, ghorofa juu ya ghorofa. Katika wimbo wa kwanza spika zilipiga yowe mara tatu. Katika wa pili kanuni haikusikika kabisa. Niliona kutoka pembeni ya jukwaa mzee wa kanuni akiinamisha sikio kwenye nyuzi zake, akipiga, akisikiliza, kisha katikati ya beti akaweka mikono mapajani, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Watu walikuwa wakishangilia, kina mama wanapanda kumtunza mwimbaji, wala hawakumwona.

Aliposhuka nilimpokea kwa maji ya kunywa. Alikuwa mtu mzima kuliko babu yangu.

"Mwanangu," aliniambia, "leo umeninyamazisha."

Nikamwomba radhi. Sikumwambia habari ya kisima. Ingekuwa kama kumtwisha yeye lawama, na yeye alikuwa amekuja kwa miguu kutoka mtaa wa Malindi, na kanuni yake imefungwa kwenye shuka, kupiga nyimbo mbili kwa nauli ya kurudi na sahani ya pilau. Alikula, akashukuru, akaondoka. Kundi lake nililialika tena mwaka uliofuata na likaja, ila bila yeye. Waliniambia macho yamemshinda. Jambo hili linaniuma hadi leo, na nikipewa siku ile tena sijui ningezima pampu saa ngapi.

Baadaye mitambo ilitulia. Kidumbak kilipanda saa tatu na nusu: vidumbak viwili, fidla moja, cherewa, mkwasa, na sanduku la chai lenye kamba moja linalofanya kazi ya besi. Vyombo vichache, maikrofoni tatu, na Fundi akapata nafasi ya kupumua. Kina mama waliingia kiwanjani kwa duara, viuno vikafanya kazi yake, na mimi ambaye kwa siku tatu sikuwa nimekaa nilikaa juu ya kasha la spika nikatazama. Kikundi cha ngoma kutoka shamba kilicheza katika mwanga wa taa zile nne. Kiongozi wao hakulalamika. Aliwasogeza wachezaji wake mbele, pale mwanga ulipofika, wakacheza wamebanana.

Saa sita kamili tulizima. Nikatia kijiti kwenye tangi: kilirudi kimelowa upana wa vidole viwili.

Tulilala palepale kiwanjani kulinda vyombo. Baada ya sala ya alfajiri niliamshwa na mlio wa plastiki ikiburuzwa kwenye changarawe. Nilipoinuka, foleni ilikuwa imekwishapangwa kutoka kisimani mpaka kwenye goli, ndoo nyingi hazina mtu, zimewekewa jiwe kushika nafasi. Hakuna aliyewaambia kwamba pampu itawashwa. Hakuna aliyewaambia pia kwamba ilikuwa ya siku moja, au waliambiwa na hawakuweza kuamini, kwa kuwa mashine bado waliiona imesimama.

Lori lilifika saa mbili. Nilimweleza dereva, akatazama foleni, akaenda kununua kahawa. "Nusu saa," alisema.

Fundi akaunganisha kebo bila kuniuliza. Vidole viwili vya dizeli vilivuta maji dakika 20 na kidogo. Nilisimama kisimani nikishika mpira, nikajaribu kugawa, kila chombo nusu, na watu wakakubali nusu. Kisha jenereta likakohoa, likashika tena, likakohoa, likanyamaza.

Ndoo ya buluu ilikuwa ya nne kutoka mahali tulipofika. Bibi alikuwa amekaa kivulini, akainuka, akaja kuichukua.

"Poleni na kazi ya jana," akasema. "Nimesikia nyimbo zote dirishani."

Akaning'iniza ndoo mkononi, akashika njia ya Kikwajuni, ambako mtu mmoja alikuwa akiuza maji ya kisima.